Kaka anataka kununua ukaazi wa nje. Je, niweke sahihi?

Swali: Shikamoo kaka mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Machame, naishi Soweto hapa Moshi. Kaka yangu mkubwa ana leseni ya ubroka wa vito Mererani, na sisi ndugu wawili tuna kampuni yenye hoteli ndogo. Mwezi uliopita alikutana na wakala kwenye hoteli moja Arusha, karibu na Mnara wa Saa. Wakala anamwambia kwamba kwa dola milioni 1 atapata kadi ya dhahabu ya Marekani, au kwa yuro 500,000 atanunua nyumba Lisbon na kupata ukaazi wa Ureno yeye na familia. Anasema akishapata, TRA hawatamhusu tena, na kwamba ni Mtanzania yule yule, hapotezi kitu. Kaka anataka kuuza nyumba zake mbili za Shanty Town hapa Moshi na kukopa nyingine kupitia kampuni. Wakala ameahidi hata kumletea mnunuzi mzungu wa nyumba hizo, eti naye atapata kibali cha kuishi hapa kwa kuzinunua. Benki inataka sahihi yangu kama mkurugenzi. Je, jambo hili ni halali? Na habari ya kodi ni kweli?

Jibu:

Marahaba dada yangu. Nashukuru umeandika kabla ya kuweka sahihi. Wengi hunijia wakiwa na risiti mkononi, na hapo ninachoweza kufanya ni kidogo sana.

Kununua ukaazi kwa njia ambayo nchi husika imeiweka kisheria ni halali, na sijui sheria yoyote ya Tanzania inayomkataza kaka yako kufanya hivyo. Ila mambo matatu aliyoambiwa ni uongo: la TRA, la nyumba ya Lisbon na la mnunuzi wa nyumba. La nne, kwamba hapotezi kitu, ni kweli nusu tu, na nusu ile nyingine ndiyo inayoweza kumgharimu leseni yake na kihamba, yaani shamba la ukoo.

Wakala amechukua vitu vitatu akavifunga kwenye kifurushi kimoja: kibali cha kuishi, uraia, na ukaazi wa kodi. Kila kimoja kina sheria yake na ofisi yake. Kibali cha kuishi hutolewa na nchi ya kule, nacho kinasema unaruhusiwa kuingia na kukaa. Uraia ni habari nyingine kabisa. Ukaazi wa kodi hautolewi na mtu wa viza hata kidogo. Huo unatokana na unapoishi, unapolala na siku unazokaa.

Nianze na kodi, maana hapo ndipo kaka yako alipoingizwa mjini.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamhesabu mtu binafsi kuwa mkazi kwa mwaka fulani ikiwa ana makazi ya kudumu Tanzania na alikuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo. Ikiwa hana makazi hayo, bado ni mkazi akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Na hata asipofikisha 183, ni mkazi ikiwa kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia wastani wake unazidi siku 122 kwa mwaka. Rudia kusoma kipimo cha kwanza. Kinasema sehemu yoyote. Sasa wewe ni mtu wa Machame, unajua Desemba kwetu ikoje: aliye Dar, aliye Mwanza, aliye ng'ambo, wote wanapanda mlimani. Kaka yako akiwa na nyumba yake hapa anayorudi kulala, akaja wiki moja tu ya Krismasi, mwaka ule wote ni mkazi wa Tanzania kwa kodi. Na mkazi hulipa kodi Tanzania kwa mapato yake ya dunia nzima, pamoja na ya Lisbon.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mfanyabiashara wa Arusha mwenye ukaazi wa Dubai. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba kwa TRA yeye ni mgeni, na nyumba yake ya hapa alikuwa ameshaiuza. Nilimwomba pasipoti. Tuliiweka mezani, nikashika kalenda na kalamu nyekundu, tukawa tunasoma mihuri ya uwanja wa ndege wa KIA mmoja mmoja: kutoka, kuingia, kutoka. Mingine wino ulikuwa umefifia ikabidi tuinamishe ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Mwaka wa kwanza zilitoka siku 140, wa pili 118, wa tatu 111. Alifurahi kuona mwaka wa mwisho ziko chini ya 122. Nikajumlisha mbele yake: 369. Gawa kwa tatu, 123. Alizidi kwa siku moja ya wastani, na ritani yake, yaani taarifa ya mapato anayopeleka TRA, ya mwaka ule ilikuwa imejazwa kama ya mtu asiye mkazi. Hakuwa mtu mwovu. Aliuziwa kadi, akaambiwa kadi ndiyo kodi.

Hata tuseme kaka yako ameondoka kwelikweli, hana makazi hapa na siku hazitoshi. Kampuni yenu iliyosajiliwa Tanzania inabaki mkazi na inaendelea kulipa 30% ya faida yake. Gawio lake linakatwa kodi ya zuio 10%. Kodi zingine zinampandia: pango la nyumba yake hapa hukatwa 10% kwa mkazi, 15% kwa asiye mkazi, na faida ya kuuza nyumba hutozwa 10% kwa mkazi, na zaidi ya hapo kwa asiye mkazi. Kwa hiyo anayemwambia aondoke kwanza ndipo auze nyumba za Shanty Town anamwongezea kodi.

Sasa Marekani. Kadi ya dhahabu ilitangazwa Februari 2025 kwa bei ya dola milioni 5, kisha amri ya Rais ya Septemba 2025 ikaiweka kwenye dola milioni 1 kwa mtu binafsi, na milioni 2 kwa kampuni inayomlipia mfanyakazi. Kuna pia ada ya maombi ya dola 15,000 isiyorudishwa. Amri inaiita fedha hiyo zawadi kwa serikali ya Marekani. Naomba kaka yako alisikie neno hilo vizuri, zawadi. Hapati hisa wala nyumba, hakuna faida, na mtaji haurudi. Tena msingi wake ni amri ya Rais, ambayo mahakama inaweza kuitengua na Rais mwingine anaweza kuifuta asubuhi moja. Iliyo tofauti ni njia ya zamani ya EB-5, viza ya mwekezaji, iliyowekwa na Bunge lao mwaka 1990. Tangu mabadiliko ya 2022 inataka uwekezaji wa dola 1,050,000, au 800,000 kwenye maeneo maalumu kama ya vijijini, na ajira 10 za kudumu. Fedha hiyo ni mtaji, unaweza kurudi na unaweza kupotea, lakini walau ni mtaji.

Njia zote mbili, zikifanikiwa, humfanya kuwa mkazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi. Na Marekani humtoza mwenye grini kadi kodi ya mapato ya dunia nzima, awe analala New York au Machame. Atajaza ritani kule kila mwaka. Akaunti zake za CRDB au NMB zikivuka jumla ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, lazima azitaje. Kampuni yenu itabidi itolewe taarifa kwenye fomu ndefu zenye adhabu nzito zisipojazwa, na zipo kanuni zinazoweza kumtoza kodi ya faida ambayo kampuni haijampa hata senti. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili. Kila nchi ina unafuu wake wa kuhesabu kodi iliyolipwa kwingine, kwa hiyo sisemi atalipa yote mara mbili, ila kazi ya kuthibitisha ni yake, na wahasibu wa kule hawafanyi kwa bei ya Double Road hapa Moshi. Akiishika kadi hiyo miaka 8 kati ya 15 kisha akaamua kuirudisha, na mali yake ikavuka dola milioni 2, anaweza kutozwa kodi ya kuondoka kana kwamba ameuza kila kitu siku ile.

Nadhani najua wakala alikookota maneno yake. Marekani walitangaza pia kadi ya platini ya dola milioni 5, yenye ahadi kwamba mwenye nayo atakaa kule hadi siku 270 kwa mwaka bila kutozwa kodi ya mapato ya nje ya Marekani. Kubadili kodi ni kazi ya Bunge lao. Na hata ahadi hiyo ikitimia, itamwondolea kodi ya Marekani. TRA hawamo kwenye ahadi hiyo.

Na kuna jambo ambalo wakala alipaswa kulisema kabla ya kuagiza chai. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya sehemu kuanzia 1 Januari 2026, viza za kuhamia zikiwemo. Mtu anayekusanya dola milioni 1 kwa pasipoti ya Tanzania leo, kwanza apate jibu la maandishi la wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa kule, akieleza tangazo hilo linamgusa vipi.

Ureno nitaimaliza upesi, kwa sababu kijitabu cha wakala kinajihukumu chenyewe. Kama kweli kinaonyesha nyumba ya Lisbon ya yuro 500,000, ni kijitabu cha zamani. Ureno ilianza mpango huo 2012, na Oktoba 2023 sheria mpya ya makazi ikaifunga njia ya kununua nyumba, baada ya wananchi kulalamika kwamba bei za nyumba zimewashinda. Kilichobaki ni mifuko ya uwekezaji ya yuro 500,000 isiyohusu majengo, utafiti, kuchangia utamaduni kuanzia 250,000, au kuanzisha ajira. Akinunua nyumba leo atapata nyumba, viza hataiona. Na mpango wenyewe unadai wastani wa siku 7 tu kwa mwaka, jambo ambalo mawakala hulisifia sana. Lakini mtu anayekaa Ureno siku 7 na Moshi siku 300, unadhani ni mkazi wa kodi wa wapi?

Soko hili linafungwa kila upande, na hilo limwingie akilini. Uingereza ilifunga viza yake ya pauni milioni 2 tarehe 17 Februari 2022, Ireland ikafuata Februari 2023, Hispania 3 Aprili 2025. Ugiriki haikufunga, ila nyumba iliyotosha kwa yuro 250,000 sasa ni 800,000 Athens na visiwa vikubwa, 400,000 kwingineko kwa sehemu kubwa. Tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Malta kuuza uraia ni kuvunja sheria za Umoja. Kuna sababu za haki nyuma ya haya: nyumba zilipanda bei, fedha chafu zilipita, na vita vya Ukraine vikawafanya waangalie upya ni nani waliomfungulia mlango. Kwa benki pia mambo yamebadilika. Tangu 2018 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, limechapisha orodha ya mipango ya ukaazi na uraia inayoweza kutumika kuficha mapato, na afisa wa benki akiona kadi ya namna hiyo huuliza zaidi: unaishi wapi hasa, siku ngapi, ritani unajaza wapi?

Sasa hilo la kwamba hapotezi kitu. Kwa ukaazi ni kweli: grini kadi au ukaazi wa Ureno haumwondolei Utanzania. Ila mawakala hawa huwa na ukurasa wa pili, wa uraia wa visiwa vya Karibi kama Dominica, kuanzia dola 200,000. Sheria yetu ya Uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Akichukua wa Dominica kwa hiari, Utanzania umekwisha. (Na Dominica nayo iko kwenye tangazo lile lile la Marekani, sababu ikitajwa kuwa kuuza uraia bila mtu kuishi kule.) Hapo ndipo mambo yanamgusa hadi jikoni. Leseni ya ubroka wa madini ni ya raia pekee, na leseni ndogo ya uchimbaji vilevile. Kihamba cha Machame kinashikwa kwa haki ya kimila, na haki hiyo haishikwi na asiye raia. Mimi pia nimezikiwa baba na babu kwenye migomba, kwa hiyo ninaposema hili silisemi kama kifungu tu. Akitajiwa neno uraia, asimamishe mazungumzo.

Mnunuzi mzungu. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, inasema mgeni kama huyo hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Nyumba ya kuishi Shanty Town, Njiro au Usa River haimo, na kwa Bara hakuna kibali cha ukaazi kinachotolewa kwa kununua nyumba. Kibali cha Daraja A ni cha mwekezaji au mwenye biashara yake, B ni cha ajira, C ni cha wengine kama wamisionari, watafiti na wastaafu. Pengine wakala ameichanganya Zanzibar, ambako asiye raia akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 kwenye miradi iliyoidhinishwa, kama Fumba, anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi na ya uwekezaji. Mkimuuzia mzungu wa watu nyumba ya Moshi kwa ahadi hiyo, hati haitahamia jina lake, naye atadai fedha yake wakati kaka yako ameshaituma nje. Kesi itakuwa yenu, wakala atakuwa ameshahama hoteli.

Fedha yenyewe inatoka wapi? Kila mpango halali utauliza, na utauliza kwa undani hadi uchoke. Kwa mtu wa Mererani hilo ndilo lango jembamba. Tangu ukuta ujengwe 2018 mauzo ya tanzanaiti yana karatasi: mrabaha 6%, ada ya ukaguzi 1%, na stakabadhi zake. Jiwe lililopita kwenye karatasi hizo, na mapato yake yakaonekana kwenye ritani za TRA, ni ushahidi mzuri mbele ya ofisa yeyote wa nje. Jiwe ambalo halikupita huko halina maelezo, na kulitaja kwenye fomu ya Marekani ni kujishtaki kwa serikali mbili kwa kalamu moja. Pia Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 na kanuni zake bado zinadhibiti mtaji unaotoka nchini. Benki yenu iulizwe mapema ni idhini gani ya Benki Kuu inahitajika kwa nchi hiyo na kiasi hicho. Akiambiwa zipo njia za mkato, za kupitisha kidogo kidogo kwa majina ya ndugu, basi huo ni utakatishaji wa fedha, na jina lako linaweza kuwa mojawapo.

Dalili moja ndogo: muulize wakala ada yake anaitaja kwa fedha gani. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei ya huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Anayekudai dola 20,000 mezani Arusha kwa huduma yake ya hapa hapa ameshavunja sheria kabla hajakushauri kuhusu sheria.

Nifike kwenye sahihi yako, maana ndiyo uliyoniuliza. Kampuni ni mtu wake kisheria, na fedha yake si ya kaka yako hata kama ndiye aliyeianzisha. Wewe kama mkurugenzi una wajibu kwa kampuni. Mkopo wa hoteli ukienda kununua ukaazi wa mwanahisa mmoja, TRA wanaweza kuuhesabu kuwa gawio alilopewa na kudai zuio, riba yake haikatwi kwenye faida kwa sababu haikuzalisha mapato ya hoteli, na mkopo ukikwama benki inachukua hoteli, sehemu yako ikiwemo. Kama anaitaka safari hii, aifanye kwa mali yake binafsi, na nyumba zake akiuza, auze kwa raia, akiwa bado mkazi, kodi ya 10% ya faida ikiwa imelipwa.

Najua ugumu wa kumkatalia kaka mkubwa. Usimkatalie mezani mbele ya wakala. Kaeni wawili nyumbani, mwambie alete vitu vinne: pasipoti zake za miaka mitatu, ritani zake za miaka hiyo hiyo, stakabadhi za mrabaha, na barua ya wakala yenye sahihi inayosema kwa maandishi kwamba TRA haitamhusu. Hiyo ya nne sidhani kama ataipata.

Na fomu ya mkopo ina mstari wa madhumuni. Kwa kawaida huandikwa "mtaji wa biashara". Wakiileta tena, chukua kalamu wewe uandike ukweli, "kulipia ukaazi wa mwanahisa nje ya nchi", kisha mpe afisa mikopo aisome kabla hujaweka sahihi.